Besi Isiyouzwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Besi wa Lubumbashi

Nimepiga gitaa la besi zaidi ya miaka 30, Jumamosi kwenye nganda, yaani baa zetu, na Jumapili kanisani, na siku za kazi natengeneza magitaa ya wenzangu hapa Katuba. Maswali ninayoletewa yanafanana, na karibu yote yanaizunguka ile besi ambayo mwenyewe hakubali kuiachia hata awekewe pesa mezani. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili kijana wa Ruashi au Kampemba asitoe nauli kuja kuuliza neno moja.

Mukubwa, juu ya nini hauuzishe ile gitare ya zamani, ununue mpya?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote. Muulizaji huwa ameshaitazama besi yangu kwa huruma: rangi imebanduka pale mkono unapoegemea, skrubu mbili si za kwake, na nyuma ya shingo vanishi imekwisha hadi mti unaonekana.

Siiuzi kwa sababu mkono wangu unaijua. Kila besi ina mahali pake bubu, noti moja au mbili zinazozimika upesi kuliko nyingine, kwa kuwa shingo nayo inatetema na kumeza nguvu ya uzi. Kwenye besi nyingi za aina ya Fender, ububu huo hukaa kwenye uzi wa sol, ule mwembamba kuliko yote, kati ya freti (vile vichuma vinavyokatiza shingo) ya 5 na ya 7. Kwangu ni freti ya 6. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na kucheza, ikipamba moto nikafika hapo, navuka bila kufikiri na kuichukua noti ileile kwenye uzi wa re, freti ya 11. Hakuna aliyenifundisha, ni miaka tu. Besi mpya itakuja na ububu wake mahali pengine, na mimi nitakuwa mgeni ndani ya nyumba yangu.

Jambo la pili ni la tumbo. Besi hii imelipa karo ya watoto watatu. Imepiga kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye usiku wa maombi hadi jogoo akawika. Kitu kilichokulisha hukiangalii kama kitu cha dukani.

Ni besi za namna gani ambazo wanamuziki duniani hawaachani nazo?

Majina yanayorudi ni machache. La kwanza ni Precision, iliyotolewa na Leo Fender huko California mwaka 1951. Kabla yake mpiga besi alibeba kontrabasi, chombo kirefu kuliko mtu, kisicho na freti, ambacho ngoma na tarumbeta zilikimeza. Fender aliweka freti ili kidole kikigusa tu noti iwe sawa, na jina Precision, yaani usahihi, likatoka hapo. Mwaka 1957 mikro yake, ile sumaku inayopokea mtetemo wa nyuzi, iligawanywa vipande viwili, na hivyo ndivyo tunavyoijua mpaka leo.

Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass, yenye mikro mbili na shingo nyembamba zaidi upande wa kichwa. Mwaka 1976 ikaja StingRay ya Music Man, ambayo ndani ina saketi inayokuza sauti kwa betri. Na Ujerumani kuna Höfner 500/1 yenye umbo la fidla. Hiyo ni nyepesi, tumbo lake liko wazi ndani, na urefu wa uzi unaopigwa ni kama sentimita 76, wakati wa Fender ni 86.

Ukiniuliza mimi, kwa rumba nachukua Jazz, kwa sababu mikro ya nyuma inaitenga kila noti hata gitaa tatu zikiwa zinasemezana. Kwa kwaya kubwa nachukua Precision, maana inajaza chini bila kugombana na sauti za watu. Wako wapiga besi wazuri mjini watakaonipinga, na nimeshawasikia wakinipinga kwa vidole, wakapiga vizuri sana.

Ni kweli wakubwa wa besi nao waliibiwa?

Ni kweli, na hadithi hizi nawasimulia vijana wote wanaoacha gitaa nyuma ya gari.

James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown mjini Detroit, alikuwa na Precision ya 1962. Alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na nyuzi zake laini za bapa hakuzibadilisha ila zikikatika. Besi hiyo iliibwa mwaka 1983, muda mfupi kabla ya kifo chake. Haijaonekana tena.

Jaco Pastorius alikuwa na Jazz Bass ya 1962. Freti ziling'olewa, mianya ikazibwa, na ubao wa vidole ukapakwa epoksi ngumu, ya aina inayotumika kwenye mashua, ili nyuzi zisiutafune. Sauti ile ya kuimba kama mtu ilitoka hapo na kwenye vidole vyake. Mwaka 1986 besi iliibwa katika bustani mjini New York, na mwaka uliofuata Jaco akafa akiwa na miaka 35. Ilikuja kuonekana tena baada ya takriban miaka 20, na Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica, akaisaidia familia kuipata.

Paul McCartney wa Beatles alinunua Höfner yake ya kwanza Hamburg mwaka 1961. Yeye ni wa mkono wa kushoto, na kwa kuwa umbo lile lina pande mbili sawa, hata ukiligeuza halionekani limepinduka. Iliibwa ndani ya gari London mwaka 1972. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba imepatikana na kurudishwa kwake. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 50, na mtu yule bado aliitaka, ingawa angeweza kununua kiwanda. Habari ile niliisoma nikaisoma tena, na nilifurahi kama ni ndugu yangu aliyerudi.

Na wako waliookota. Geddy Lee, mpiga besi wa bendi ya Rush, alinunua Jazz Bass yake ya 1972 kwa mkopeshaji wa rehani huko Kalamazoo, Marekani, kwa dola 200 hivi. Kuna mtu aliyeiweka pale kwa shida yake, asirudi kuikomboa.

Sisi watu wa Katanga, besi si tumeipokea tu kutoka kwa wazungu?

Chombo cha umeme tumekipokea, ndiyo. Kazi ya besi tulikuwa nayo.

Msikilize Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Ni mtu mmoja na gitaa moja la mti, lakini kidole gumba kinatembea chini peke yake huku cha shahada kinaimba juu. Gumba lile ni mpiga besi kamili. Vijana wengi wanaokuja kwangu wanavuta besi kwa gumba na shahada, na wanaona aibu wakiona kwenye simu kwamba wazungu wanatumia vidole viwili vingine. Nawaambia wasione aibu. Mkono huo una ukoo hapahapa.

Halafu kuna karindula yetu: pipa la mafuta lililovikwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mti na nyuzi nne. Nne, kama besi. Aliyekulia karibu na wapiga karindula ameshajua kwamba sauti nzito huingia kwanza tumboni, sikio linafuata.

Na mwaka 1960, bendi ya African Jazz ya Kabasele ilipokwenda Brussels wakati wa Meza ya Mviringo, mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo, besi ilikuwa mikononi mwa Brazzos. Watu wanakumbuka waimbaji na mpiga gitaa Docteur Nico. Besi wanaikumbuka kwa miguu, wakiinuka kucheza.

Besi yangu ni ya bei nafuu, ya jina lisilojulikana. Inaweza kuwa ya maisha?

Inaweza, kama shingo ni nzuri. Mikro inabadilishwa, vigingi vya kukazia nyuzi vinabadilishwa, daraja zinapofungwa nyuzi linabadilishwa, hata rangi. Shingo mbovu itakutesa mpaka uichoke.

Ukienda kununua, usianze kwa kuiunganisha na ampli, mashine ya kukuza sauti, maana ampli nzuri inaficha mengi. Ishike kama bunduki, funga jicho moja, tazama kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili. Inatakiwa iwe karibu kunyooka, na mpindo mdogo sana wa kwenda mbele. Ikiwa imejinyonga kama kitambaa kinachokamuliwa, irudishe, hata wakipunguza bei. Kisha piga kila freti ya kila uzi, taratibu, bila ampli, sikio likiwa karibu na mti. Besi nzuri utaisikia inatetema mpaka kwenye mbavu zako. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, na kimeniongoza kwenye besi za bei ndogo zinazopiga kazi mpaka sasa makanisani, na kimenikataza kununua moja yenye jina kubwa.

Mwezi wa sita besi yangu inaanza kulia "zzz" na freti zinanichoma mkono. Nimelogewa?

Hapana. Ni kiangazi cha Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano mvua imekatika, hewa imekauka, usiku wa Juni na Julai baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa. Mti unatoa maji yake na kusinyaa. Ubao wa vidole ukisinyaa, chuma cha freti hakisinyai, kwa hiyo ncha zake zinatokeza pembeni na kukukwaruza. Shingo nayo inapoteza ule mpindo mdogo, nyuzi zinakaribia freti, na zinagonga. Mvua zikirudi Novemba mambo yanageuka: mti unavimba, shingo inapinda mbele, nyuzi zinakaa juu, na unalalamika kwamba besi imekuwa ngumu.

Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayorekebishwa kwa ufunguo. Kupima, bana uzi wa mi kwenye freti ya kwanza, ubane tena pale shingo inapokutana na mwili, uangalie nafasi iliyopo katikati, karibu na freti ya 7 au 8. Ikitosha kadi nyembamba, yaani kama milimita 0.3, usiguse kitu. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, legeza fimbo kidogo. Nafasi ikiwa kubwa, kaza. Robo ya mzunguko kwa siku moja, basi! Mti hauna haraka. Fanya, iache ilale, urudi kesho. Nimeletewa shingo mbili ambazo fimbo ilikatika kwa sababu mtu alitaka kumaliza kazi kabla ya ibada ya jioni. Kwenye besi za Fender za zamani, na nakala zake, tundu la fimbo liko chini ya shingo, lazima kwanza shingo ifunguliwe. Kama hujawahi kufanya, leta kwa fundi.

Dawa ya kila siku ni rahisi: usiiegemeze ukutani karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, usiiache ndani ya gari juani, na usiku irudishe kwenye mfuko wake. Kwenye freti zinazochoma, fundi anapitisha tupa mara moja tu, na hazitakuchoma tena kiangazi kijacho.

Nyuzi nibadilishe mara ngapi?

Inategemea sauti unayoitafuta. Nyuzi za mviringo wa kawaida zinang'aa wiki za kwanza, baadaye jasho na vumbi letu jekundu vinazijaza na zinakuwa nzito. Tulio wengi tunazichemsha: zitoe, zichemshe dakika kama kumi, zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, la sivyo kutu. Zitang'aa tena kwa siku chache. Nyuzi za bapa hazina shida hiyo. Zinazidi kuwa tamu zikizeeka, ndiyo maana Jamerson alizikalia. Mimi natumia za bapa tangu 2011, na seti ninayopigia sasa ni ya tatu.

Nyuzi nne au tano?

Tano zinakupa noti ya chini iitwayo "si", mtetemo wa kama mara 31 kwa sekunde, na uzi wa mi wa besi ya nne unatoa kama 41. Spika nyingi za nganda zetu hazifiki huko, zinahema tu. Kama kwaya inapanda na kushuka funguo kila dakika, nunua ya tano. Kwa mengine, nne zinatosha.

Ndani ya mikro kuna nini?

Kuna shaba. Waya mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara kuizunguka sumaku. Uzi wa chuma ukitetema juu yake unatikisa nguvu ya sumaku, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya shaba, unapita kwenye kebo hadi kwenye ampli. Sumaku zenyewe mara nyingi ni za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Shaba na kobalti! Mtoto wa Lubumbashi amekua akiona malori yanayobeba vitu hivyo. Nikifungua mikro mbele ya mwanafunzi huwa namwonyesha ule waya kabla ya kitu kingine chochote, na huwa ananyamaza kidogo.

Besi inanguruma nikiachia nyuzi, nikizigusa inanyamaza. Ni ugonjwa?

Hiyo ni kawaida kwa besi nyingi. Mwili wako unaungana na ardhi ya saketi. Ikinguruma zaidi unapozigusa, waya wa daraja umeunganishwa vibaya au umekatika, na unachomelewa kwa dakika tano.

Hatari iko kwingine. Ukishika nyuzi na mdomo wako ukagusa maikrofoni ukapigwa umeme, acha kupiga papo hapo. Ampli au meza ya sauti haina ardhi, hasa pale mnapotumia jenereta na waya za kuazima. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Nunua kipima umeme, gusa maikrofoni nacho kwanza, si kwa mdomo. Mchungaji akikuambia muda umekwenda, mwombe radhi, upime hivyohivyo.

Rafiki ananiomba besi kwa onyesho moja. Nimpe?

Uwe na mbili: moja ya kuazimwa, moja isiyotoka bila wewe. Kama unayo moja tu, nenda nayo, ukae karibu na jukwaa, urudi nayo. Rafiki wa kweli anakutafutia kiti.

Nimebanwa na pesa. Mnunuzi yupo mlangoni. Niuze?

Nitakueleza yaliyonipata. Besi yangu ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, niliachiwa na mtu aliyenifundisha kazi. Mtoto wangu wa pili aliugua, ikatakiwa afanyiwe upasuaji, na hospitali ilitaka pesa kabla ya kumgusa. Niliiuza jioni ileile kwa mtu wa kwanza aliyesimama, chini ya nusu ya thamani yake. Mtoto alipona. Kwa hilo sina majuto, na ningerudia asubuhi hii.

Lakini nilikuwa na ampli, nilikuwa na baiskeli, nilikuwa na kaka yangu Likasi ambaye nilimwonea haya. Vyote hivyo sikuvigusa kwa sababu besi ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Miaka minne baadaye niliiona kwenye harusi Kamalondo, imepakwa rangi nyeupe. Niliitambua kwa sauti nikiwa bado nje ya lango. Nilimfuata kijana aliyeipiga, nikamwomba aniuzie kwa bei yoyote. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Mukubwa, hii siiuzishe." Nilimpa mkono. Alikuwa na haki.

Kwa hiyo ukibanwa: uza kwanza ampli, uza kanyagio za kubadilishia sauti, piga kwenye nganda mbili zaidi, mwite ndugu. Ikibidi kuiweka rehani, andikeni karatasi yenye tarehe, bei ya kukombolea na shahidi. Na kama baada ya hayo yote maisha ya mtu yanaidai, iuze, usijichukie.

Nifanye nini ili isiibwe, au ikiibwa nipate kuitambua?

Andika namba yake, ile iliyo kichwani au kwenye bamba la shingo, mahali ambapo si kwenye mfuko wa besi. Ipige picha mbele, nyuma, na kila kovu. Fungua kifuniko cha mikro, andika jina lako ndani kwa kalamu isiyofutika. Wezi hupaka rangi nje, ndani hawaangalii. Ikipotea, tuma picha usiku uleule kwa wapiga muziki wote unaowajua, na kwa mafundi. Mji ni mkubwa, lakini sisi tunaotengeneza besi tunajuana, na besi iliyoibwa siku moja itahitaji nyuzi.

Nikibadilisha mikro na vigingi, bado ni ileile?

Ni ileile. Marcus Miller, mpiga besi wa Marekani, aliitia saketi ya kukuza sauti Jazz Bass yake ya 1977, na sauti tunayomjua nayo ni ya baada ya hapo. Ila vipande vya asili usivitupe. Fundi mmoja alinitolea mikro za zamani bila kuniuliza, akaniwekea mpya zenye kelele, na za kwangu sikuziona tena. Tangu siku hiyo kila kipande ninachotoa kwenye besi ya mteja nakitia kwenye bahasha yenye jina lake, hata iwe skrubu yenye kutu.

Utamwachia nani yako?

Binti yangu wa mwisho ana miaka 14. Vidole vyake havijafika vizuri kwenye freti ya kwanza, kwa hiyo nimemwonyesha kuanzia ya 5, ambako nafasi ni ndogo. Wiki iliyopita alikuwa anajifunza wimbo wa kwaya, nami nikiwa uani natengeneza kebo. Alipofika kwenye ile noti bubu, sol, freti ya 6, alisita. Akairudia. Kisha nikamsikia anahamia kwenye uzi wa re.